Mkanda wa Kiti cha Dereva

Ukitaka Mama Mikanda akufungie mikanda ya usalama kwenye gari lako la kizamani, nenda mwenyewe na mwili wako. Usimtume dereva, usimtume shemeji, wala usipige simu ukasema wewe ni mtu wa kimo cha kawaida. Atakuuliza, kawaida ya nani? Yeye hufunga mkanda kama fundi cherehani anavyoshona suruali: anakupima wewe unayekaa pale, na kama mkeo ndiye anayekaa pembeni, mkeo naye aje. Kama ni mjamzito, atapimwa leo na atarudi kupimwa tena akishajifungua. Watu wamenuna, wamelalamika, wengine wameondoka na magari yao wakiapa kwamba mama yule zimemruka. Wengi wao wamerudi.

Jina hilo si alilopewa na wazazi wake, bila shaka. Lakini limemganda, na sasa hata mume wake akiwa na la kuomba humwita hivyo hivyo, Mama Mikanda, kwa sauti ya asali.

Alianza kama fundi wa viti. Alikuwa akishona ngozi na vitambaa vya magari, kazi safi ya kukaa kivulini, mpaka siku moja akang'oa kiti cha gari la mtu ili akivishe upya, akauvuta mkanda pembeni kiti kipite, na mkanda ukaja wote. Boliti, nati, na kipande cha sakafu kilichooza kwa kutu, vyote mkononi mwake. Hakuvuta kwa nguvu hata kidogo. Akakaa chini na ule mkanda mapajani, akawaza kwamba mwenye gari alikuwa akijifunga pambo miaka yote hiyo na kujiona mtu mwangalifu. Jambo hilo lilimuudhi kama vile ametukanwa yeye. Tangu hapo viti akavifanya kazi ya kando, na mikanda ikawa ndiyo shughuli yake.

Maana si kazi ya mchezo, jamani. Hayo magari ya zamani yalitengenezwa enzi ambazo dereva alishika usukani na yaliyobaki akamwachia Mungu. Hayana tundu la boliti, hayana mahali palipoandaliwa. Inabidi utafute mwenyewe wapi pana nguvu: nguzo ya mlango, sakafu karibu na chasisi, upinde wa nyuma ya kiti. Ukishapapata, unachomelea bamba la chuma kwa chini, la sivyo siku ya siku boliti itachomoka kama kifungo kwenye shati kuukuu. Na mkanda wenyewe lazima ukae kwenye mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, upite katikati ya bega, si shingoni. Ndiyo sababu hataki kusikia habari za kimo cha kawaida.

Na magari ya kuungaunga ndiyo usiseme. Alikuja kijana mmoja na gari alilolishusha hadi likawa linalamba lami, anataka mikanda ya wakimbiza magari, ile ya kuvuka mabega yote mawili, ifungwe nyuma ya kiti.

"Na hicho kiti kimeshikwa na nini?" akauliza Mama Mikanda.

"Na boliti."

"Hebu nizione." Akainama, akachungulia, akainuka. "Mwanangu, hapa ukigonga, wewe na kiti mtaondoka pamoja, mmekumbatiana."

Yule kijana akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikubali sakafu yake ikatwe, na siku ya kulichukua gari alikuja na mchumba wake apimwe naye. Siku hizi ni kati ya watu wanaomsifia Mama Mikanda mpaka wanatia chumvi.

Kazi ikiisha, kuna jaribio. Hili ndilo linalowachosha watu kuliko yote. Unakaa kwenye kiti, unafumba macho, unafunga mkanda na kuufungua kwa mkono mmoja. Halafu unarudia kwa mkono wa pili. Ukimuuliza sababu, anakwambia siku utakayotaka kujifungua mkanda huenda kukawa na moshi, au giza, au mkono mmoja umebanwa, na yeye hatakuwepo kukuonyesha. Mpaka mikono yote miwili iweze, gari halitoki uani. Asiyekosea kufunga atapigwa msasa kwenye kufungua. Kifungio kikiwa mahali pabaya anakihamisha, hata kama gari limeshapakwa rangi.

Rangi ni ya mume wake, ambaye ni fundi rangi na karakana yake ni ua huo huo, upande wa pili wa turubai. Kila akisikia keekee inaimba roho inamdunda.

"Umetoboa wapi tena?"

"Chini, hapaonekani."

"Naona mimi."

"Basi fumba macho, baba watoto. Rangi yako nzuri, lakini haijawahi kumzuia mtu asipasue kioo kwa kichwa."

Wanapendana, msiwe na wasiwasi. Wanatupiana maneno namna hiyo mchana kutwa, na chakula wanakula sahani moja.

Sasa, mtu aliyefunga mikanda ya nusu ya magari makuukuu ya mji wao alikuwa na aibu moja iliyojulikana na wote: baba yake mzazi aliendesha gari lisilo na mkanda hata mmoja. Wateja walimtania, naye alicheka, lakini ndani ilimchoma.

Mzee alikuwa dereva wa malori maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu, akajitengenezea gari. Si kununua, kutengeneza. Bodi ya huku, injini ya kule, milango ya mbele haijuani kabisa na ya nyuma. Alichomelea mwenyewe, akanyoosha mwenyewe, na marehemu mkewe alipokuwa akimpelekea chai huko nje aliliita gari lile mwenzangu, kwa kuwa, alisema, mume anashinda kwake na kwangu anakuja kulala tu. Gari likawa zuri. Watu walisimama barabarani kuliangalia. Hakuna mwingine aliyewahi kuliendesha, na hakuna aliyethubutu kuomba.

"Baba, niruhusu nikuwekee mikanda," binti alimwambia, mara zisizo na idadi.

"Nimeshuka milima na lori la saruji sijafungwa kama mbuzi. Leo nifungwe kwenda sokoni?"

"Si kufungwa, baba."

"Inaitwaje basi?"

Hapo mazungumzo yalikuwa yanafia, na mzee alitoka akipiga mluzi.

Aliyemweza ni mdogo wake Mama Mikanda. Huyu ni muuguzi, tena wa wodi ya majeruhi, na ana watoto mapacha, wasichana wawili wa darasa la kwanza. Kila Ijumaa babu yao aliwafuata shuleni na gari lake, akawazungusha, akawapeleka kwake wakalala, akawarudisha kesho yake wakiwa hawataki kurudi. Tangu mkewe afariki, wiki nzima ya mzee ilikuwa ni kuingoja Ijumaa. Alhamisi aliosha gari, Ijumaa asubuhi alinyoa ndevu. Kisha siku moja muuguzi alitoka zamu, uso umemshuka, akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba, nakupenda. Lakini wanangu hawapandi tena gari hili mpaka liwe na mikanda."

Hakueleza alichokiona zamu hiyo. Mzee alitaka kubisha, akamtazama usoni, akaacha. Ijumaa mbili zilipita mapacha wakirudishwa nyumbani na mama yao. Ya tatu haijafika, Mama Mikanda alisikia mngurumo anaoujua hata akiwa usingizini, akainua kichwa, gari la baba yake likawa linaingia uani kwake kwa mara ya kwanza.

Mzee akashuka. Akampa ufunguo.

"Weka," akasema.

Naye binti alijikaza asionyeshe furaha, akajibu kama anavyomjibu mteja yeyote, kwamba amelipokea na atalitazama. Mzee alipoondoka tu, alikwenda nyuma ya turubai akamkumbatia mume wake, pamoja na rangi yake mbichi.

Alianza kwa kutoa viti na zulia, na hapo ndipo alipoiona kazi ya baba yake kwa ndani. Mistari ya kuchomelea ilikuwa minene, imenyooka, hakuna mahali alipoharakisha. Hakuna fila iliyopakwa kuficha kutu, hakuna bati lililopachikwa kijanja. Alipitisha kidole polepole na moyo ukamjaa. Alipanga mabamba yake pembeni kabisa ili asikate hata mstari mmoja wa mzee, na kazi ambayo angeimaliza upesi aliichukulia muda.

Mikanda ya nyuma ilitangulia. Mapacha waliletwa, wakakaa kwenye viti vyao vidogo vya kuwanyanyua, wakapimwa, wakafumba macho, wakafunga, wakafungua, mkono huu na mkono huu, wakicheka mpaka kwikwi. Walifaulu kuliko wateja wengi wenye ndevu. Mmoja alimuuliza kama babu naye atafanya mtihani.

"Babu naye," akasema Mama Mikanda.

Babu mwenyewe hakuwa na mpango huo. "Mimi niache," alisema alipokuja. "Nilitaka uwawekee hao tu."

"Baba, unaujua utaratibu wangu."

"Utaratibu ni wa wateja."

"Leo wewe ni mteja. Kaa."

Akakaa, huku ananung'unika. Binti akampima, chaki mkononi, akatia alama kwenye nguzo ya mlango na kwenye sakafu. Aliona baba yake amepungua, nyonga zimetokeza, akajisemea ni uzee na kula peke yake. Akafunga mkanda wa aina ile isiyojivuta, kwa sababu nguzo za gari lile hazina nafasi ya kuficha roli ya kuuvuta; urefu wa mkanda kama huo hukatwa na kushonwa kwa mwili wa mtu. Ulikaa vizuri. Bega, kifua, nyonga, ungesema mzee alizaliwa nao.

"Haya, jaribio. Fumba macho. Mkono wa ndani kwanza."

Mzee akafumba, akaushika ulimi wa mkanda kwa mkono wa kushoto, akauvuta, akauchomeka. Ta. Akafungua. Akafunga tena bila kuambiwa, kwa maringo, akafungua.

"Umeona?" akasema. "Hata lori sikuwahi kuangalia gia."

"Nimeona. Sasa huu wa mlangoni. Usifumbue."

Alimwekea ulimi wa mkanda mkononi, mkono wa kulia. Mzee akaanza kuuvuta kukatiza kifua. Katikati ya njia vidole vikalegea. Ulimi wa mkanda ukadondoka, ukamwangukia pajani, ukateleza kwenye kiti. Na mkono ukaendelea na safari. Ulikwenda mtupu mpaka kwenye kifungio, ukasukuma, ukasukuma tena, vidole vimekaza kana kwamba vina kitu.

"Tayari," akasema mzee, macho yamefumbwa, anatabasamu.

Mama Mikanda akashika mlango. Amefanya jaribio lile kwa watu wengi mno. Ameona wanaokosea, wanaopapasa, wanaokasirika. Mtu asiyejua kama ameshika kitu au hakushika hakuwahi kumwona.

"Bado, baba," akasema mwishowe.

"Bado nini?"

Akafumbua macho. Akatazama mkono wake pale kwenye kifungio, akatazama ulimi wa mkanda ulivyolala kitini. Upande wa pili wa turubai mashine ya rangi ilikuwa inanguruma.

"Kifungio chako kigumu," akasema mzee.

Binti akakikagua, ingawa wote wawili walijua hakina tatizo. "Tujaribu tena."

"Kwa macho wazi."

"Sawa. Kwa macho wazi."

Akaweza. Aliufunga vizuri kabisa, ila alikuwa anautazama mkono wake njia nzima, kutoka begani mpaka nyongani, kama mtu anavyomtazama mtoto anayevuka barabara. Hapo ndipo Mama Mikanda alipoelewa, na alitamani asingeelewa.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu lini nini?"

"Baba."

Mzee akaushusha mkono, akaulaza pajani. "Tangu mvua zilipoisha. Niliamka asubuhi, nikaona unanisaliti. Kikombe kilidondoka." Akavikunja vidole, akivitazama. "Lakini upo. Nikiutazama unafanya kazi kama kawaida. Ninaendesha vizuri. Nimekuja hapa naendesha, umenisikia nimekwaruza kitu?"

"Na ukiwa unautazama mkono, barabara anaitazama nani?"

Alishuka, akafunga mlango taratibu, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Nipe ufunguo."

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa aproni. Binti aliushika humo ndani, akaukaza mpaka meno yake yakamuuma kiganjani. Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, kushika spana, kutomwogopa mwanamume yeyote anayemwambia kazi hii si yako. Kumnyima kitu chochote hakuwahi kujifunza.

"Gari halitoki, baba."

"Unaninyima gari langu?"

"Gari ni lako. Ninakunyima kiti kimoja tu."

Mzee akapunguza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angefoka. "Usimwambie mdogo wako. Akijua, sitawaona tena wale watoto mpaka niletewe kama mgonjwa. Unanisikia? Ijumaa ndiyo niliyobaki nayo."

Akatoka uani kwa miguu, amevaa shati lake la kunyooshwa, hakugeuka.

Mama Mikanda aliingia kiti cha nyuma cha gari la baba yake akalia. Mume wake alimkuta humo, akavua barakoa yake ya kupakia rangi, akaketi kando yake bila kuuliza. Alipoambiwa, alikuna kichwa.

"Mwambie mdogo wako. Si ndiyo kazi yake?"

"Ameniomba nisimwambie."

"Basi mrudishie gari lake."

"Na hilo siwezi."

"Sasa?"

"Sasa sijui, baba watoto. Ningejua ningekuwa nalia?"

Simu ikaita hapo hapo, na nani kama si muuguzi mwenyewe. Anauliza kama gari limekwisha, maana wanawe wameshamtangazia darasa zima kwamba Ijumaa babu anakuja na mikanda.

"Bado kidogo," akasema Mama Mikanda. "Kuna kipimo kimoja hakijakaa sawa."

Hakusema uongo, lakini alijisikia kama mwizi. Alijua akimfumbia macho mzee, siku itafika mkono ule utaachia usukani huku mwenyewe ana uhakika ameushika, na nyuma wamekaa mapacha wamejifunga mikanda yake mizuri. Na alijua akilisema, atakuwa amemvua baba yake kitu ambacho hata kifo cha mkewe hakikumvua. Hakuna njia ya tatu aliyoiona.

Jioni alikwenda kwa baba yake. Alipiga hodi, akapiga tena.

"Nimelala," ikasema sauti ya mzee kutoka ndani, na redio inasoma habari.

"Basi nisikilize ukiwa umelala." Akauegemea mlango. "Mimi simwambii mtu. Ni mkono wako, utausema mwenyewe ukiweza. Lakini ufunguo sikupi, baba. Hata ukiniapiza. Ukinichukia sawa, ila nikuone upo unanichukia."

Redio ikapunguzwa. Alingoja. Mlango haukufunguliwa, akarudi kwake.

Siku zilizofuata hakuligusa gari. Alishona viti vya watu, akakosea mshono, akafumua. Mume wake alipika, akaosha vyombo, akakaa mbali na utani. Gari lilisimama pale uani, mteja akiuliza ni la nani, alisema la mzee mmoja, linangoja.

Ijumaa mchana waliingia wote wawili, mzee na muuguzi, kwa miguu. Muuguzi macho yalikuwa mekundu. Mzee alikuwa amenyoa ndevu.

"Amenipigia simu mwenyewe," mdogo mtu akamnong'oneza dada yake huku mzee akitangulia. "Nikampeleka. Daktari amesema alipata kiharusi kidogo, na hakumwambia mtu. Atapewa mazoezi, dawa tayari anazo. Mkono huenda ukarudi, huenda usirudi. Kuendesha, hapana." Akapangusa pua. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ningekuua."

"Najua pia."

Mzee alikuwa analizunguka gari lake. Aliupita mlango wa dereva. Akaenda upande wa pili, akafungua mlango wa abiria kwa mkono wa kushoto, akakaa, akavuta miguu ndani.

"Nipime," akasema. "Watoto wanakaribia kutoka shule."

Mama Mikanda alichukua chaki. Mabamba ya upande ule alishayachomelea siku ile ya kwanza, mkanda tu ndio uliobaki, kwa hiyo haikuwa kazi ndefu. Alimpima nyonga, akampima bega, na safari hii alipoona mifupa ilivyotokeza hakujidanganya. Kifungio alikitia shina refu, kikasogea mbele, ili mkono mzima uvuke kifua na kukifikia bila taabu. Mzee akafumba macho, akafunga, akafungua. Ta, ta.

"Na huu?" akauliza, akiuinua wa kulia kidogo.

"Huo nausamehe."

"Utaratibu unasema yote miwili."

"Upande huu kuna mtu pembeni yako, baba. Ukishindwa atakufungua yeye."

Mzee alilifikiria hilo, akakubali kwa kichwa. "Na huyo mtu ni nani? Mdogo wako anaogopa hata pikipiki. Mumeo ataangalia rangi badala ya barabara."

"Nimesikia," ikasema sauti nyuma ya turubai.

Akabaki Mama Mikanda. Alifuta mikono kwenye aproni, akazunguka, akaingia upande wa usukani. Kiti kilikuwa mbali, akakisogeza. Hakuwahi kukaa hapo hata siku moja, hata kwa utani. Akavuta mkanda, akafunga, na mkanda ukamning'inia kifuani kama kamba ya nguo. Ulikuwa umekatwa kwa mwili wa baba yake. Tena ncha alikuwa ameshaishona kwa uzi mnene siku ile aliyompima, kabla hata ya jaribio, kwa ile furaha yake, jambo ambalo kwa mteja mwingine yeyote halifanyi.

"Umekulegea," akasema mzee.

"Kwa leo utatosha. Shule si mbali."

"Mteja akikwambia hivyo unamjibu nini?"

Alishika ncha ya mkanda, akaupapasa ule mshono, mikono ikakataa. Kuufupisha ni kukata uzi wote, na ukishakatwa na kushonwa kwa kimo chake, kiti kile hakimpokei tena mzee. Alijua, na mzee alijua. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakujificha.

Mzee akainama mbele, akachukua wembe kwenye sinia la vifaa lililokuwa sakafuni, akampa kwa mkono wa kushoto.

"Kata, mama."

"Baba, mkono unaweza kurudi. Daktari amesema."

"Ukirudi utanipima upya. Kata. Watoto wasije wakasimama juani wananingoja."

Akakata. Uzi ulikuwa mgumu, aliusuka mwenyewe mara mbili, na ilimchukua muda kuumaliza. Akauvuta mkanda mpaka ukamkaa begani na nyongani, akatia alama ya chaki, akachukua sindano. Mzee alikuwa amejifunga, anatazama mbele, getini, mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto.

"Shona vizuri," akasema. "Kiti ni chako hicho."

Akashona, na alipomaliza akawasha gari.